Ukiitwa kuigiza, usiende kama mwimbaji

Wiki iliyopita binti mmoja anayeimba Bongo Fleva, jina lake ndiyo linaanza kusikika, aliniandikia: "Dada shikamoo. Nimeitwa kwenye filamu, si ya vichekesho, ni mambo mazito, nicheze mjane. Nifanye nini wasinicheke?" Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti, halafu nikaona mengi nimeyaacha. Na kwa kuwa sijakutana bado na mwimbaji ambaye hajawahi kujiona kichwani mwake akilia kwenye skrini kubwa, jibu lenyewe naliweka hapa tugawane.

Kwanza, mdogo wangu, watakucheka. Mimi walinicheka kabla hata kamera haijawashwa. Mwigizaji mwenzangu, mtu na heshima zake, alisema huku akijua niko nyuma ya pazia nabadili nguo: "Huyu si aende akaimbe? Nafasi za watu anazitakia nini?" Tunasalimiana mpaka leo. Sijasahau.

Kilichonipa moyo wakati ule ni habari ya Mariah Carey, mwimbaji wa Marekani. Mwaka 2001 alicheza Glitter, filamu ya binti mwimbaji anayesaka umaarufu New York. Yaani alipewa uhusika unaofanana naye, nyimbo zake, nywele zake, taa zote zinamwelekea yeye. Ilitoka Marekani Septemba 21, siku kumi tu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, watu hawana hamu ya chochote. Iligharimu dola milioni 22 hivi na duniani kote ikarudisha kama milioni 5. Tuzo za Razzie, zile za kuwasuta waliofanya vibaya, zikampa ya mwigizaji mbovu wa kike. Na miezi michache tu baada ya filamu kutoka, kampuni yake ya rekodi ilikuwa imeshamlipa dola milioni 28 avunje mkataba aondoke. Mwanamke mwenye sauti ile!

Wengi wangekoma. Yeye mwaka 2009 akatokea kwenye Precious, filamu ya muongozaji Lee Daniels, hadithi ya binti wa Harlem, mtaa wa New York, anayeteswa na wazazi wake mwenyewe. Mariah ni afisa ustawi wa jamii. Hana vipodozi, nywele hazina mng'aro, nguo za kawaida za ofisini, na haimbi hata mstari. Watu walitazama muda mrefu bila kumtambua. Mwishoni kuna onyesho ambalo Mo'Nique, anayecheza mama wa binti, anaeleza kwa kilio jinsi alivyoacha mwanawe aharibiwe na mwanaume wake. Onyesho lile ni la Mo'Nique, na lilichangia sana kumpa Oscar mwaka 2010. Sasa wewe litazame tena, lakini macho yako yakae kwa Mariah. Anauliza swali fupi, ananyamaza, anasikia jambo ambalo hakutaka kulisikia. Uso wake ndio unaotuambia sisi tulisikieje. Nimelirudia onyesho hilo mpaka watu wa nyumbani wakaniuliza kama niko sawa.

Mimi nimekulia kwenye taarab ya kisasa. Huko mwimbaji hasikilizi mtu, anasikilizwa. Ukifika kwenye ubeti unaouma unaiangalia ile meza ya akina mama wenye noti, unaurudia, unaurudia tena, mpaka wainuke kuja kukutunza. Hiyo ni kazi na nina ufundi nayo, nasema bila kujificha. Lakini mwili unajifunza tabia. Kila ukifungua mdomo, macho yanatafuta nani ameguswa.

Basi nikaitwa Bagamoyo kucheza mama mkwe. Mkwe wangu ananieleza kwa nini anaondoka na watoto, mimi nina mistari michache tu. Habari za mazoezi siwasimulii, zinachosha. Siku ya kurekodi nikatoa kila nilichonacho: nikainua kidevu, nikavuta pumzi, machozi yakashuka pale pale nilipoyataka. Nilijua nimeua. Muongozaji akasimamisha kamera, akasema mbele ya watu wote, "Mama, unasubiri kutunzwa."

Wakacheka mpaka vijana wa taa. Nilikasirika, na hata leo naona angeweza kuniita pembeni. Mtu mzima haelekezwi hivyo. Lakini alichofanya baadaye ndicho ninachotaka ukichukue. Aligeuza kamera kwa mkwe wangu peke yake, mimi nikabaki kando, sionekani, kazi yangu ni kumsemea mistari yangu tu ili apate kujibu. Wanafanya hivyo kwenye filamu: maneno yaleyale yanarekodiwa upya kutoka upande mwingine, na aliye nje ya picha lazima aendelee kuigiza ili mwenzake apate cha kujibu. Kwa kuwa hapakuwa na wa kunitazama, nikamsikiliza yule binti. Nikasikia kumbe kwenye maelezo yake kuna sehemu ananiomba nimzuie. Mistari nilikuwa nimeisoma siku zote, hilo sikuwa nimelisikia. Kamera iliporudi kwangu sikulia. Nilishika ukingo wa kanga yangu nikasema, "Watoto wamekula?" Hilo ndilo onyesho ambalo watu wananisimamishia barabarani mpaka leo, na yule aliyesema niende nikaimbe alikuwa amekaa ukumbini safu ya mbele.

Kwa hiyo, sikiliza. Ukimaliza kukariri mistari yako, kariri na ya mwenzako. Halafu sikiliza.

Jambo la sauti nalo lipo. Sisi waimbaji tunaimba hata tunapoongea. Sentensi ikifika mwisho tunaivuta, tunaipandisha, kama kibwagizo kinakuja. Maikrofoni ya filamu iko karibu sana, inanasa hadi ule uvutaji wa pumzi tunaojivunia jukwaani. Soma mistari yako ukiwa unaosha vyombo au unachambua mchele. Mikono ikiwa na shughuli, sauti inashuka yenyewe.

Na uhusika. Mtayarishaji anapomtafuta mwimbaji, mara nyingi ameshahesabu wafuasi wake Instagram. Si dhambi, filamu inahitaji watazamaji. Lakini ndiyo maana atataka ucheze mwimbaji, au mjane ambaye katikati ya matanga anashika gitaa. Wapo waliofanikiwa kwa njia hiyo. Papa Wemba, mwanamuziki wa Kongo, mwaka 1987 alicheza mwanamuziki anayetoka kijijini kwenda Kinshasa katika filamu ya La Vie est belle, akaimba, na ikapendeza. Jennifer Hudson alitoka American Idol, shindano la uimbaji la Marekani, bila ushindi, akaigiza na kuimba kwenye filamu ya Dreamgirls, akachukua Oscar mwaka 2007. Ila hao sauti zao zilikuwa ndani ya kazi yenyewe. Wewe umeniambia mambo mazito. Basi omba usome skripti nzima, si kurasa zako peke yake, na uangalie kama mjane huyo angebaki hadithini hata kama wewe usingekuwa maarufu. Kama yupo ili bango liwe na sura yako tu, shukuru uondoke. Heri uhusika mdogo ulioandikwa na mtu mwenye akili kuliko kuwa nyota wa hadithi isiyo na kichwa wala miguu.

Kope za kubandika, toa. Kucha, toa. Mary J. Blige, naye mwimbaji wa Marekani, alicheza mke wa mkulima Mississippi katika filamu ya Mudbound mwaka 2017, akavua mawigi na kucha zote, na amesema hadharani haikuwa rahisi kwake. Wewe ni nani usivue? Mjane wa Mbagala ana kope za harusini? Tuacheni mapenzi ya sura zetu, wasanii wenzangu. Tunasema tunataka kuheshimiwa kama waigizaji, na bado tunabeba mtu wa vipodozi seti nzima kama tunakwenda kurekodi video. Kamera inaona.

Umeniuliza pia kama ukubali kuimba wimbo wa filamu hiyohiyo. Kubali, lakini uwe na mkataba wake na malipo yake, usimezwe ndani ya posho ya kuigiza. Mary J. Blige alipendekezwa Oscar mara mbili kwa Mudbound, kwa uigizaji na kwa wimbo, na wimbo wenyewe unasikika mwishoni, majina yanapopita. Mkataba wako useme hivyo pia, kwamba wimbo hautapigwa kwenye onyesho ulilomo. Wimbo wangu waliuweka juu ya onyesho lile la mkwe bila kuniuliza. Mimi kwenye skrini nimenyamaza na kanga yangu mkononi, huku sauti yangu inapanda juu ya kichwa changu mwenyewe, na siku ya uzinduzi nusu ya ukumbi ikaanza kuimba kiitikio.