Swali la Lugha: Mahakama Si Jalala

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika muhtasari wa kesi ya Bhawal ya kule India kwa ajili ya jarida letu la wanafunzi wa sheria. Nimeandika hivi: "Mwaka 1946 Privy Council ilitupilia mbali rufaa ya Bibhabati Devi." (Privy Council ndiyo ile mahakama ya London iliyosikiliza rufaa za mwisho kutoka makoloni.) Mwenzangu anashikilia kwamba Kiswahili cha mahakamani ni "rufani", si "rufaa". Nani yuko sahihi? Nimeambatanisha muhtasari wote. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Wewe na mwenzako mmeshikana mashati kwa ajili ya neno lisilo na kosa, na lenye kosa limepita katikati yenu likipiga mluzi.

Nianze na hilo la rufaa, maana ni jepesi. Rufaa na rufani ni neno moja lenye mavazi mawili. Mzizi wake ni wa Kiarabu, wenye maana ya kuinua au kupandisha: shauri linapandishwa kutoka mahakama ya chini kwenda ya juu. Tanzania imebandika rufani kwenye jina la mahakama yake ya juu kabisa, na kutokana na hilo tumepata mrufani na mjibu rufani. Wakenya wengi husema Mahakama ya Rufaa na haki yao haipungui. Na huyo Mtanzania anayekazania rufani, siku akiugua sana atapelekwa hospitali ya rufaa, wala sijasikia mgonjwa aliyegoma kushuka kwenye gari kwa sababu ya kibao cha mlangoni. Andika utakalo, ila ukishachagua moja usirukeruke. Mwambie mwenzako apumzike.

Sasa tukae kitako. "Ilitupilia mbali."

Sijui ni nani aliyewauzia waandishi wetu kitenzi hiki, ila aliwauzia kwa jumla. Fungua gazeti lolote, sikiliza taarifa ya habari yoyote: ombi la dhamana limetupiliwa mbali, pingamizi la awali limetupiliwa mbali, rufaa imetupiliwa mbali, hati ya madai iliyokosewa jina la mdaiwa nayo imetupiliwa mbali. Mtu asiyewahi kuingia mahakamani atadhani pale ni jalala, na majaji wameajiriwa kurusha vitu kupitia dirishani.

Kiangalie kitenzi chenyewe. Tupa, tupia, tupilia. Kiambishi cha kutendea kimerudiwa, na kurudiwa huko kunakoleza, kama ilivyo kwa shika, shikia na shikilia. Ongeza mbali, na umepata jirani wa ukuta mmoja na potelea mbali, ambayo sote tunajua husemwa na nani, saa ngapi na kwa sauti gani. Ni maneno ya mtu aliyekasirika, asiyetaka hata kujua alichokirusha kimeangukia wapi. Jaji hafanyi kazi hivyo. Au tuseme, halipwi mshahara ili afanye kazi hivyo.

Tuichukue kesi yako, ambayo nakusifu kwa kuichagua kwa sababu haina mfano. Ramendra Narayan Roy alikuwa Kumar (mwanamfalme) wa pili wa Bhawal, mmoja wa ndugu watatu waliorithi milki kubwa ya kizamindari, yaani ya mabwana wa ardhi, karibu na Dacca, katika Bengali ya Mashariki. Mwaka 1909 alikwenda Darjeeling kwa ajili ya afya yake akiwa na mkewe Bibhabati na kaka wa mkewe. Mwezi Mei ikatangazwa kwamba amefariki na mwili umechomwa moto kwa desturi ya Kihindu. Ikapita miaka kama 12. Akatokea Dacca sanyasi mmoja, yaani mtawa wa Kihindu, aliyejipaka majivu mwili mzima, na mwaka 1921 akajitangaza kuwa ndiye Kumar: mvua ya dhoruba iliwakimbiza watu pale pa kuchomea maiti, alisema, na masanyasi wakamwokota akiwa hai. Dada yake akamkubali. Mke akamkana. Serikali, ambayo idara yake maalumu ndiyo iliyokuwa ikiisimamia milki ile, ikamtangaza kuwa mwongo. Mwaka 1930 akafungua kesi ya madai.

Jaji Pannalal Basu wa Dacca alianza kuisikiliza mwishoni mwa 1933. Walipita mbele yake mashahidi zaidi ya 1,500. Wapo walioulizwa juu ya makovu, juu ya ukubwa wa viatu, juu ya rangi ya macho, juu ya lafudhi ya mtu anayedai kuzaliwa Bengali lakini anazungumza kama aliyetoka mbali. Agosti 1936 akahukumu kwamba mdai ndiye Kumar. Upande wa Bibhabati ukakata rufaa Mahakama Kuu ya Calcutta, mbele ya majaji watatu. Mmoja wao, Costello, alikwenda Uingereza kwa likizo, vita ikaanza, akakwama huko. Ikabidi maoni yake yaletwe kutoka ng'ambo na kusomwa Calcutta mwaka 1940 pamoja na ya wenzake. Biswas alikuwa upande wa sanyasi, Lodge alimpinga, kwa hiyo milki nzima ikaning'inia kwenye karatasi za jaji asiyekuwepo. Costello naye alikuwa upande wa sanyasi. Wawili kwa mmoja.

Bibhabati hakuchoka. Akapanda hadi London, kwenye Kamati ya Mahakama ya Baraza la Mfalme, hiyo unayoiita Privy Council kama wanasheria wote. Sasa, baraza hilo lilikuwa na desturi yake ya siku nyingi: mahakama mbili za chini zikikubaliana juu ya jambo lililotokea, lenyewe halifukui tena. Mawakili wa Bibhabati wakahangaika kuonyesha kwamba kesi hii ni ya pekee. Wazee wale wakasikiliza. Tarehe 30 Julai 1946 Lord Thankerton akasoma uamuzi, akaieleza desturi hiyo kwa kirefu, lini inaweza kulegezwa na lini haiwezi, kiasi kwamba mawakili wa India wanaunukuu uamuzi huo mpaka leo. Kisha akasema hapa hakuna sababu ya kuilegeza. Kumar akafariki siku chache baadaye.

Hayo yote, miaka 16 ya mahakama, wewe umeyamaliza kwa "ilitupilia mbali". Rufaa ile ilisikilizwa, ikapimwa, ikashindwa. Kiswahili kina neno la kushindwa, tena fupi.

Lakini kama kosa lingekuwa la adabu tu, ningenyamaza, nimenyamazia mengi. Kosa kubwa ni kwamba tupilia mbali inaficha kile ambacho mwenye shamba anataka kukijua kuliko vyote: je, anaweza kurudi?

Sheria ya Mwenendo wa Madai ya India ya 1908, iliyorithi zile za 1859, 1877 na 1882, iliweka milango kadhaa ya kutokea mahakamani, na kila mlango unatokea uwanja wake. Hati ya madai ikipelekwa mahakama isiyo na mamlaka, inarudishwa ili ipelekwe panapostahili. Ikiwa haionyeshi sababu yoyote ya kudai, inakataliwa, na sheria yenyewe inatamka kwamba mdai hazuiwi kuleta nyingine. Siku ya kesi wasipotokea wote wawili, kesi inafutwa na mdai anaweza kufungua upya, kama muda bado unamruhusu. Lakini akitokea mdaiwa na mdai asitokee, kesi inatupwa, na hapo mdai hana ruhusa ya kufungua nyingine juu ya sababu ileile. Kilichobaki ni kwenda kumwomba jaji yuleyule aitengue amri yake. Na kesi iliyosikilizwa ikaisha, kifungu cha 11 kinaifungia: wadaawa walewale hawaruhusiwi kuja na ugomvi uleule mara ya pili. Wakulima na wakopeshaji wa Bengali na Madras waliijua tofauti hii kuliko mwandishi wako wa habari za mahakamani, kwa sababu wao walikuwa wakipoteza mashamba.

Kwa lugha ya magazeti yetu, wote hao wametupiliwa mbali. Msomaji aliyerithi ekari mbili, kisha mjomba wake akaziuza, atajuaje kama aamkie mahakamani kesho na hati mpya, au auze mbuzi alipe gharama za aliyemshinda?

Usiniambie hayo ni ya Wahindi. Katika karne ya 19 rufaa kutoka mahakama ya balozi wa Uingereza kule Unguja zilivuka bahari hadi Mahakama Kuu ya Bombay. Sheria hiyo ya 1908 ilitumika Tanganyika na kuendelea mpaka tulipotunga yetu mwaka 1966, nayo ni mtoto anayefanana na mama: kifungu cha 11 cha India ndicho cha 9 kwetu. Na mwaka 1959, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ililazimika kulifafanua jambo hili hili katika kesi ya chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, watu wa kwetu kabisa, wa Songea. Majaji walisema rufaa isiyokidhi masharti haipaswi kutupwa bali kuondolewa mahakamani. Ukisema imetupwa, unamaanisha palikuwa na rufaa halali na imekwisha kuamuliwa. Ukisema imeondolewa, unamaanisha hapakuwa na rufaa ya kuamuliwa tangu mwanzo. Mawakili wa Tanzania wanaikariri kesi hiyo hata leo. Majaji watatu wa kikoloni, kwa Kiingereza chao, waliona umuhimu wa kutenganisha vitenzi viwili. Sisi wenye vitenzi tele tumeng'ang'ania kimoja.

Kabla mwanasheria hajaniandikia barua ya kunisahihisha: ndiyo, kesi iliyofunguliwa nje ya muda inatupwa, haiondolewi. Sheria ya ukomo ya India ilisema hivyo na yetu ya 1971 inasema hivyo. Anayedai ardhi ana miaka 12, kule kwa wakati ule na hapa sasa. Akija mwaka wa 13, mlango umefungwa hata kama hakuna aliyesikiliza shahidi mmoja. Hilo nalijua. Linazidi kuonyesha kwamba maneno haya yana kazi.

Mawili madogo katika muhtasari wako, kwa haraka. Umemwita Bibhabati mshtakiwa, na umeandika kwamba Basu "alimtia hatiani". Hakuna aliyemshtaki. Hii ni kesi ya madai: alikuwa mdaiwa, na alipopanda juu akawa mrufani. Hatia ni ya jinai, iache kwa wezi. La pili limenichekesha, na siku hizi sichekeshwi kirahisi. Kwenye utangulizi umetaja Sadr Diwani Adalat kuwa ni "mahakama ya madiwani". Hapana. Diwani ile ni binamu wa diwani wetu wa kata, lakini walitengana zamani. Mwaka 1765 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilipewa diwani ya Bengali, yaani haki ya kukusanya kodi na kuamua mashauri ya mali. Mwaka 1772 Warren Hastings akaunda mahakama za diwani wilayani na ile ya sadr, ya juu, huko Calcutta kwa ajili ya rufaa. Ni mahakama kuu ya mashauri ya madai, na ilidumu mpaka mwaka 1862 ilipopisha Mahakama Kuu. Hakuna diwani aliyeomba kura pale.

Nirudi kwenye hukumu yangu. Tupilia mbali sina nguvu ya kuifuta. Imeshaingia hadi kwenye hukumu zenyewe za Kiswahili, na mzee mmoja mwenye kalamu hawezi kuikamata. Basi nitaivumilia mahali pamoja: mahakama ikisikiliza madai ya kipuuzi na kukasirika kwa haki. Kwingine kote, rufaa iliyosikilizwa na kukosa nguvu imeshindwa, au imekataliwa, au ukipenda imetupwa, bila ya ilia na bila ya mbali. Isiyo na sifa imeondolewa. Uamuzi wa chini ukiondolewa nguvu umetenguliwa. Mwenendo uliokosewa tangu mwanzo umebatilishwa. Sentensi yako iandike hivi: "Mwaka 1946 Privy Council iliikataa rufaa ya Bibhabati Devi." Ni fupi kuliko uliyokuwa nayo, na mwenzako akitaka kubadili rufaa iwe rufani mruhusu, apate naye kitu.

Na tafadhali, ukifika kwenye gharama, usiige kile ambacho nimekisoma si mara moja: "Mahakama ilitupilia mbali rufaa hiyo pamoja na gharama." Aliyeshinda akisoma hivyo atalia, maana fedha zake nazo zimetupwa. Andika nani anamlipa nani: "mrufani amlipe mjibu rufani gharama za shauri." Hata mhasibu ataelewa.