Ramani ya mvua haimjui panya wa darini

Mvua zinapokaribia Dodoma, swali la panya hurudi. Mkulima wa Kongwa anataka kujua kama mwaka huu watakuwa wengi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti anataka kujua kama joto likizidi na mvua zikibadilika, panya wavamizi, wale waliotoka nje ya Afrika, watasambaa hadi wapi. Wengi huyajibu maswali hayo mawili kwa data zilezile, na hapo ndipo mambo huharibika. Mvua itakwambia panya watazaana lini. Wavamizi watafika wapi, kaulize barabara, stoo na simtanki.

Kwanza mjue uliyemkamata. Panya mweusi (Rattus rattus) asili yake ni Bara Hindi. Alifika pwani yetu na vyombo vya biashara, kisha akapanda bara ndani ya mizigo. Jina lisikudanganye, wengi wao ni wa kahawia. Angalia mkia: ni mrefu kuliko kichwa na kiwiliwili kwa pamoja. Sikio lake ni kubwa, ukilivuta mbele linafika jichoni. Panya shamba (Mastomys natalensis) ni mwenyeji wa Afrika, hakuvamia popote, ingawa hasara yake shambani ni kubwa kuliko ya mgeni. Mkia wake unalingana na mwili au umepungua kidogo, na jike ukimgeuza utaona safu mbili ndefu za chuchu kutoka kifuani hadi kinenani, mara nyingi 16 hadi 24. Panya mweusi ana 10 au 12 tu. Mtoto wa panya mweusi na panya shamba mzima huchanganywa sana, hata na watu wenye vyeti. Tazama miguu ya nyuma: ya mtoto huyo inaonekana mikubwa kupita umbo lake, kama kijana aliyevaa viatu vya baba.

Kwa panya shamba, mvua ndiyo saa. Mvua nzito za mwanzo huotesha nyasi, na majani machanga ndiyo yanayowaamsha kuzaa. Uzazi huanza takriban mwezi mmoja baada ya hapo. Mimba ni siku 23 hivi, na uzao mmoja unaweza kupita watoto 10. Dodoma tuna msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Mwaka wa kawaida, basi, uzazi unaanza katikati ya msimu, idadi inapanda hadi baada ya mavuno, halafu kiangazi kinawapukutisha mpaka Novemba.

Mwaka wa kuogopa ni ule mvua zinapowahi na zisikatike. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimemchunguza panya huyu tangu miaka ya 1980, na jambo lililojitokeza huko ni hili: vuli ikinyesha sana, watoto waliozaliwa mapema wanakua na wao wenyewe kuzaa masika yaleyale. Kizazi kimoja kinaongezeka. Kwetu hakuna vuli ya kueleweka, lakini hesabu ni ileile: mvua nzito ya mwanzo wa Novemba, ikifuatwa na msimu usio na pengo refu, inawapa muda wa uzao wa ziada. Ndiyo maana jumla ya mwaka peke yake haisemi kitu. Milimita 600 zilizogawanyika vizuri na milimita 600 zilizomwagika karibu zote Januari ni miaka miwili tofauti kwa panya.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa msimu wa Novemba hadi Aprili usome, lakini unasema juu ya wastani, wastani au chini ya wastani kwa eneo pana, na mvua ya Dodoma huweza kunyesha Chamwino ikaacha kijiji cha jirani kikavu. Kipima mvua cha bei rahisi ni kopo lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa, pamoja na rula. Liweke mahali wazi, mbali na mti au nyumba kwa angalau mara mbili ya kimo cha mti au nyumba hiyo. Soma saa 3 asubuhi kila siku, mwaga, andika, kisha jumlisha kwa siku kumi kumi. Matone ya mafuta ya kula ndani ya kopo yanazuia maji kukauka kabla hujasoma. Kopo lenye mdomo mpana na kitako chembamba litakudanganya msimu mzima, na huwezi kulirekebisha baadaye kwa kukisia.

Mvua bila kuhesabu panya ni nusu ya kazi. Wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, tega mitego 20 kwa mstari, hatua kumi kati ya mmoja na mwingine, kwa usiku tatu. Chambo ni karanga zilizosagwa zikichanganywa na unga wa mahindi. Hapo una mitego 60 ya usiku. Mtego uliofyatuka bila kukamata uhesabu nusu, kwa sababu haukuwa kazini usiku kucha. Mfano: minne ilifyatuka mitupu, umebaki na 58. Umepata panya 9. Gawanya 9 kwa 58, zidisha kwa 100, unapata 15.5, yaani panya kwa kila mitego 100 ya usiku. Namba hiyo haina maana mwaka wa kwanza. Inaanza kusema mwaka wa tatu, ukitega palepale, kwa chambo kilekile, na mwezi wa angani ukiwa katika hali ileile, maana usiku wa mbalamwezi panya wengi hujificha.

Namba ikipanda, hatua ni kabla ya mbegu kuingia ardhini, kwa kuwa mahindi hufukuliwa zaidi katika wiki mbili za mwanzo. Sumu inayowekwa baada ya mavuno inaua panya ambao kiangazi kingewaua wengi wao bure. Na ukiweka peke yako huku majirani wanatazama, panya wa jirani watajaza nafasi ndani ya wiki chache. Mizoga ishike kwa mfuko wa nailoni au glavu. Viroboto huhama mwili ukianza kupoa.

Sasa huyu wa darini. Ukitengeneza ramani ya mahali panapomfaa panya mweusi kwa mvua na joto pekee, nyanda kavu kama zetu zinaweza kutoka na alama ya chini. Kisha unaingia kwenye nyumba ya bati Kibaigwa, magunia yamepangwa hadi juu, na unamsikia anakimbia kichwani pako. Ramani ilisoma hewa ya nje. Panya anaishi ndani ya mrundo wa magunia, na maji anayapata chini ya bomba la simtanki linalovuja. Kipanya cha nyumbani (Mus musculus), mvamizi mwingine, hata hilo bomba anaweza kulikosa: unyevu kidogo wa nafaka unamtosha.

Anayeandaa ramani hiyo kwa kompyuta, kwa mfano kwa MaxEnt, programu inayokadiria mahali panapomfaa mnyama, aangalie mambo haya. Kumbukumbu za mahali panya walipoonekana, kutoka hifadhidata za kimataifa, zimejaa kando ya barabara na mijini, kwa hiyo bakiza moja kwa kila mraba wa kilomita moja, na ondoa zile zilizowekwa katikati ya mji kwa kukadiria tu. Tabaka za hali ya hewa za WorldClim, yaani ramani za dunia za joto na mvua zinazoingizwa kwenye programu hiyo, usichanganye matoleo: toleo la 1.4 liliandika joto likiwa limezidishwa kwa kumi, hivyo 227 ni nyuzi 22.7, wakati toleo la 2 linaandika 22.7 yenyewe. Kosa hilo halipigi kengele, linatoa ramani nzuri tu ya uongo. Tabaka namba 8, 9, 18 na 19, zinazochanganya joto na mvua, zina mikato ya ghafla isiyo ya asili. Ziache. Halafu ongeza mambo ambayo mvua haiyajui: umbali hadi barabara kuu, reli, soko la nafaka, wingi wa nyumba. Kwa miaka ijayo usitumie modeli moja ya hali ya hewa, maana kuhusu mvua ya Afrika Mashariki modeli hazikubaliani. Chora kadhaa, na pale zinapopingana paache wazi.

Mvamizi wa tatu wa kuangaliwa ni panya wa mitaro (Rattus norvegicus), mnene, mwenye mkia mfupi kuliko mwili. Hapendi ukavu, hivyo mji unaojengwa mifereji ya majitaka unamtandikia kitanda. Ukimkamata Dodoma usimtupe. Mpige picha ubavuni kwa rula, pima mkia na mwili kila kimoja peke yake, andika tarehe na namba za mahali kutoka simu yako, kisha mweke kwenye spiriti ya asilimia 70 ndani ya chupa yenye lebo ya penseli. Wino wa kalamu huyeyuka.