Pampu ya oili kwenye tu-stroku: msikimbilie kuing'oa

Juzi imeingia gerejini AG100 nyingine, pikipiki ya Yamaha ya tu-stroku. Pampu ya oili imeng'olewa, tundu limezibwa kwa bolti na gundi ya gasketi, mwenye pikipiki kaambiwa, "Mzee, changanya tu oili na petroli kwenye tenki, utaishi kwa amani." Aliyeifanya kazi hiyo ni kijana mwenye mikono myepesi kuliko yangu, ndiyo maana inaniuma. Vijana wangu, ninyi mmekulia kwenye Boxer na Sanlg, ambako oili inakaa chini ya injini, haiungui pamoja na petroli kama kwenye tu-stroku. Tu-stroku kama DT, AG na TF mmezikuta zimezeeka, na kila fundi kaacha alama yake. Naomba mnisikilize kabla hamjashika spana namba kumi.

1. Jueni kwanza pampu inafanya nini. Yamaha walianza na pampu hii, waliyoiita Autolube, mwaka 1964 kwenye pikipiki yao YA-6. Kabla ya hapo wateja wao walikuwa wanachanganya oili na petroli wenyewe. Pampu inazungushwa na injini yenyewe, na waya wake unafuata mkono wa mafuta. Kwa hiyo inatazama mambo mawili: injini inazunguka kasi gani, na umefungua mafuta kiasi gani. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kuvutwa mafuta, pampu inatoa kidogo sana, ukivuta mafuta inaongeza. Mchanganyiko wa tenkini haujui lolote kati ya hayo. Ulichopima kituoni ndicho hicho hicho mpaka tenki liishe.

2. Mteremko. Hapa nitakaa kidogo.

Mzee mmoja, mkulima wa kahawa wa Kalinzi, aliniletea DT 175. Hewa ilikuwa inaingia kwenye mpira wa oili, povu unaliona kwa macho. Kutoa hewa si kazi kubwa, ila inataka subira, na siku hiyo sikuwa nayo. Nikaing'oa pampu. Ili nijihami nikampa 1:20, mililita 50 za oili kwa kila lita, nikamhakikishia kuwa kwa oili nyingi hivyo injini haiwezi kufa. Akapanda kwenda nyumbani salama, moshi nyuma, plagi inachafuka, mwenyewe hakulalamika. Siku ya kurudi mjini akafunga gunia nyuma, akaweka gia ya tatu, akaachia mkono wa mafuta ili injini imshikie mzigo kwenye ule mteremko mrefu wa kuja Mwandiga, kama alivyozoea miaka yote. Injini ikanata na gurudumu la nyuma likafunga papo hapo. Aliwahi kukamata klachi. Asingewahi, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Nilipovua silinda nilikuta alumini ya pistoni imepakwa ukutani upande wa ekzosi, michirizi unaihisi kwa ukucha. Ringi zimeganda kwenye mifereji yake. Beringi ya chini ya konrodi imegeuka rangi ya bluu. Na tenkini, mchanganyiko wangu mzito umebaki nusu nzima. Niliutazama muda mrefu. 1:20 ya nini? Ukiachia mafuta, kabureta imefunga. Petroli haipiti ila chembe, na oili iliyomo ndani ya petroli nayo haipiti. Wakati huo gurudumu linaizungusha injini kwa kasi kubwa, ikiwa kavu. Pampu ingekuwepo ingeendelea kusukuma kiasi chake cha chini, kwa sababu inafuata mzunguko. Silinda nilimtengenezea kwa gharama yangu, pampu nikairudisha, nikaenda Kalinzi kumwomba radhi mbele ya mkewe, maana yeye ndiye angebaki mjane kwa uvivu wangu.

Mtaniuliza: mbona injini za mitumbwi pale Kibirizi zinachanganywa kila siku na zinadumu? Swali la haki kabisa, na ndilo linalowapoteza wengi hapa Kigoma. Ziwani hakuna mteremko. Mvuvi akiachia mafuta, injini inatulia. Hakuna gunia la kahawa linaloisukuma izunguke. Tena ile inapozwa na maji ya Tanganyika, hii yetu inapozwa na upepo tu. Kwa sababu hiyo hiyo oili ya TC-W3, ya injini za boti, iacheni kwa wavuvi. Pikipiki ipeni oili ya tu-stroku yenye alama ya JASO FC au FD.

3. Kama pampu imekufa kweli na nyingine hakuna, changanyeni, lakini mfundisheni dereva. Kwenye mteremko akamate klachi, au avute mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi. Oili ipimwe kwa sirinji, siyo kwa kifuniko cha chupa. Ichanganywe kwenye kidumu na kutikiswa ndipo imiminwe. Pikipiki ikilazwa muda mrefu, koki ifungwe na kabureta imwagwe, la sivyo petroli itaruka na oili itabaki kuziba jeti, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta.

4. Msizidishe oili kwa huruma. Oili inachukua nafasi ya petroli ndani ya jeti, kwa hiyo ukiizidisha petroli inapungua na injini inachemka zaidi. Kitabu kikisema 1:25, ni mililita 40 kwa lita, basi.

5. Kabla hamjaihukumu pampu, tazameni kifuniko cha tenki la oili: kina tundu la hewa, na vumbi la kiangazi likiliziba oili haishuki. Moshi mzito asubuhi, baada ya pikipiki kulala, mara nyingi ni vali ndogo ya kuzuia oili imechoka na oili imeshukia kwenye krenki usiku kucha. Ukirekebisha waya wa kabureta rekebisha na wa pampu, alama ya kwenye puli ya pampu ilingane na pini. Kutoa hewa: weka mchanganyiko kwenye tenki la petroli kwanza, legeza skrubu ya hewa ya pampu mpaka oili itoke bila povu, kaza, washa, acha sailensa, vuta waya wa pampu kwa kidole mpaka mpira wa kwenda kwenye injini uwe safi. Na oili ya Boxer isiingie kwenye tenki la 2T, yaani la oili ya tu-stroku, hata tone.

6. Pampu mlizokwisha kung'oa msiziuze chuma chakavu. Puli na springi zake madukani hapa Mwanga ni shida kupata, na kwenye pampu mbovu mbili mara nyingi tunatoa nzima moja.