Kitana Kifike Kwenye Ngozi: Kumtunza Mbwa Mdogo wa Manyoya Marefu Nyumbani

Ukifuga Maltese, Shih Tzu au mbwa mwingine mdogo mwenye manyoya marefu, kitu cha kwanza ninachotaka ununue ni kitana cha chuma. Shampuu itafuata, mkasi utafuata. Wengi ninaokutana nao hapa Dar es Salaam wanawaogesha mbwa wao kila wikendi na wanawapenda kwa dhati, lakini ukipenyeza vidole nyuma ya masikio ya mbwa unakuta mafundo. Juu anang'aa, chini anaumia. Maji anayapata ya kutosha, kuchanwa mpaka chini ndiko hakupati.

Mimi nina Maltese wa kike. Mbwa wa aina hii akishakua huwa na kilo 3 hadi 4 tu, kwa hiyo kazi yote naifanya juu ya meza bila msaidizi. Manyoya yake ni ya tabaka moja, hayana sufi ya chini kama ya mbwa wengine, na hayaachi kukua. Hayapukutiki ovyo kwenye makochi, na hilo ndilo linalowavutia watu. Ila unyoya unaong'oka hauanguki sakafuni. Unabaki umenaswa katikati ya mengine, unajizungusha humo, na fundo linaanza. Msuguano na unyevu vinamalizia, na unyevu katika jiji letu haujawahi kuwa wa kutafuta. Shih Tzu ana tabaka mbili, lakini naye manyoya yake yanarefuka tu, na karibu yote ninayoandika hapa yanamhusu. Pomeranian ana habari yake, nitamfikia.

Tatizo la brashi ni kwamba inakuridhisha mapema. Ile yenye sindano nyembamba zilizopinda ni nzuri kwa kufungua manyoya, ila mara nyingi inapita juu juu. Ukimaliza nayo mbwa anaonekana kanona, unampiga picha, unaamini umemchana. Hapo chukua kitana, anza na upande wa meno mapana kisha ule wa meno yaliyobanana. Kipenyeze mpaka kiguse ngozi, kivute taratibu hadi kwenye ncha. Kikipita mwili mzima bila kukwama, kazi imeisha. Kikikwama mahali, hapo bado, hata kama kwa macho panapendeza.

Namna ya kumchana ni hii. Mlaze ubavu. Kwa kiganja cha mkono mmoja yalaze manyoya yote kuelekea mgongoni, halafu anzia karibu na tumbo, shusha kidogo tu, upana wa kidole, mpaka uone mstari wa ngozi. Chana hayo uliyoshusha. Shusha mengine, ona mstari, chana. Ni vile msusi anavyogawa kichwa kabla ya kusuka twende kilioni: asipogawa, hajui mkono wake uko wapi. Ukifika mgongoni mgeuze upande wa pili. Mara za kwanza itakuchukua muda mrefu, vumilia. Baadaye mkono unazoea, na mbwa asiye na mafundo unammaliza kabla chai haijapoa.

Usichane manyoya makavu kabisa, yanakatika. Weka maji kwenye chupa ya kupulizia, tia kondishena kidogo sana ya mbwa, tikisa, pulizia kila sehemu kabla ya kuichana. Akiwa na manyoya marefu mchane kila siku. Ukimkata mafupi, mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha.

Mafundo yana makazi yake. Nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingoni, kwenye kinena, chini ya mkia, katikati ya vidole. Siku ukiwa na haraka, acha mgongo, pitia hizo sehemu. Mvue mkanda anapokuwa ndani, shingo ipumue. Na kama ni mtoto wa mbwa, jiandae: anapokaribia mwaka mmoja, mara nyingi kuanzia miezi 8 hivi, manyoya ya utotoni yanapisha ya ukubwani na mafundo yanaongezeka ghafla. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani wamekosea jambo. Kipindi hicho kinapita.

Jirani yangu alinijia jioni moja na Shih Tzu wake. "Dada, siku hizi nikimgusa sikio anataka kuniuma. Sijui kawa mkali." Kwa juu mbwa alikuwa msafi, ananukia. Nililishika sikio kwa vidole viwili nikapapasa nyuma yake. Manyoya yalikuwa yameshikana yakawa kipande kimoja kigumu, bapa, kimeganda kwenye ngozi, kiasi kwamba kila mbwa alipotikisa kichwa ngozi ilivutwa. Tulikitoa kwa mashine, polepole, huku yeye akimshika kidevu na kumbembeleza. Chini ngozi ilikuwa nyekundu, inatoa majimaji, na kupe wawili wamejibanza pembeni. Ukali wote ulikuwa ni maumivu. Tangu siku ile mbwa akianza kukataa kuguswa mahali, mimi napapasa kwanza kabla sijazungumzia tabia yake.

Fundo dogo linafunguka kwa vidole. Lilowanishe kwa ile chupa ya kondishena, subiri kidogo. Bana manyoya kati ya fundo na ngozi, kwa nguvu ya kutosha ili mvuto uishie kwenye vidole vyako usimfikie yeye. Lipasue fundo vipande, kisha tumia ncha ya kitana kuanzia ukingo wa nje, ule ulio mbali na ngozi, ukirudi ndani kidogo kidogo. Ukianzia kwenye ngozi unalikaza.

Hapa kwenye mkasi naomba unisikilize sana. Ngozi ya mbwa hawa ni nyembamba na imelegea. Ukilivuta fundo ili ulikate, ngozi inainuka pamoja nalo, na katikati ya manyoya huioni. Inaingia kwenye mkasi, na unajua pale damu inapotoka. Vidonda vya namna hii vinaishia kushonwa na daktari wa mifugo. Ukilazimika kukata, penyeza kitana kati ya fundo na ngozi, kilale hapo kama ukuta, ndipo ukate juu yake. Kitana kisipopenya, weka mkasi mezani. Kazi hiyo ni ya mashine ya kunyolea yenye wembe namba 10, unaoacha manyoya ya milimita 1.5 hivi, na wembe ulale sambamba na ngozi. Gusa chuma chake kila baada ya dakika chache, maana kinapata moto na kitamuunguza. Kama mafundo yameenea mwili mzima mpeleke kwa daktari wa mifugo au kwa mtu mwenye uzoefu, anyolewe yote, muanze upya. Manyoya yataota. Kumchana mbwa wa hali hiyo kwa saa nzima ni kumtesa.

Kuoga kunakuja baada ya haya yote, kamwe si kabla. Fundo likilowa na kukauka linakaza maradufu, na huko ndiko wanakotoka wale mbwa wanaoogeshwa kila wiki na bado wanaumia. Wangu namuogesha kila baada ya wiki mbili au tatu, labda tukitoka ufukweni, maana mchanga na chumvi havifai kulala kwenye manyoya. Maji yawe ya uvuguvugu. Mzibe masikio kwa pamba, na ukumbuke kuitoa. Shampuu iwe ya mbwa, kwa sababu ngozi yake haina asidi nyingi kama ngozi yetu, na shampuu zetu zinamkausha. Sabuni ya kipande ya kufulia ni mbaya zaidi. Izimue shampuu kwenye kopo la maji kabla ya kummwagia, itasambaa vizuri na kutoka kwa urahisi. Usimsugue kwa kuzungusha mikono kama unafua shuka. Pitisha mkono kufuata manyoya, toka mgongoni kushuka, ukibonyeza. Ukiona povu limekwisha suuza tena, kwa sababu shampuu iliyobaki kwapani na tumboni ndiyo inayomfanya ajikune usiku kucha.

Kumkausha ni nusu ya kazi. Mkamue kwa taulo kwa kubonyeza, usimfikiche. Kisha draya kwenye moto mdogo, umbali wa mkono, huku kitana kinapita mpaka ngozi ikauke kabisa. Kumwachia ajikaushe juani kunaonekana rahisi, lakini manyoya marefu yanakauka juu na kubaki mabichi chini. Kwa joto la huku unyevu huo unaleta harufu, na unaleta vidonda vinavyochimbika ndani ya siku moja. Ndiyo maana mimi huogesha asubuhi, na kama umeme hauna uhakika siku hiyo, naahirisha.

Kiangazi, Desemba mpaka Februari, watu huuliza kama wamnyoe kipara apate nafuu. Maltese na Shih Tzu unaweza kuwakata mafupi bila shida, ila usifike kwenye ngozi. Acha sentimita moja au mbili, hasa kwa mbwa mweupe, kwa sababu ngozi yake ya waridi inaungua na jua. Pomeranian na Japanese Spitz usiwanyoe. Wana sufi ya chini na manyoya ya juu yanayowakinga na jua, na Pomeranian hasa akinyolewa manyoya yanaweza kukaa muda mrefu sana bila kurudi, au yakarudi mabaka mabaka. Hao watolee sufi iliyokufa kwa kuwachana, kivuli na maji ya kunywa vifanye mengine.

Usoni nenda kwa upole. Ile michirizi ya kahawia chini ya macho inatokana na rangi inayoitwa porfirini iliyomo kwenye machozi. Huwa imekolea kwa mbwa weupe kwa sababu tu kwao inaonekana. Futa kila asubuhi kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kausha, basi. Usipake kemikali yoyote ya kung'arisha karibu na jicho. Machozi yakiongezeka ghafla, au jicho moja likawa linafumbwa, hapo ni kwa daktari. Manyoya ya juu ya macho yafunge kwa kibanio laini au uyapunguze kwa mkasi wenye ncha butu, usiyaache yamchome.

Kucha nyeupe zinakuonyesha mshipa wa damu kwa ndani, rangi ya waridi. Nyeusi hazionyeshi, kwa hiyo kata vipande vyembamba na uache mapema. Ikitoka damu, bonyezea wanga wa mahindi mpaka ikate. Usisahau ule ukucha wa juu wa mguu wa mbele ambao haugusi chini. Hausagiki, unajikunja, na unaweza kuingia kwenye nyama. Manyoya yanayoota kati ya vikanyagio punguza, asiteleze ovyo kwenye vigae. Meno yapigwe mswaki kwa dawa ya mbwa, maana baadhi ya dawa zetu zina zailitoli, ambayo kwa mbwa ni sumu.

Kila unapochana, vidole vyako ndivyo vinavyomkagua. Kupe hupenda ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkanda, na kwenye manyoya marefu jicho haliwapati. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumminya. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza erlikia na babesia, magonjwa yanayoua, na mbwa wa kilo 3 hana akiba kubwa ya damu. Akikataa chakula, akawa na homa au ufizi ukapauka, usisubiri kesho. Na tafadhali usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Tumia ya mbwa, inayolingana na uzito wake. Ukitoka naye sehemu zenye majani angalia pia kishona nguo, zile mbegu zinazong'ang'ania. Zikibaki kwenye manyoya kila moja inaanzisha fundo lake, na zikiingia sikioni ni safari ya kwa daktari.

Mbwa asiyezoezwa hatakubali hata nusu ya haya. Mtoto akifika nyumbani, siku hizo hizo za kwanza anza kumshika miguu, kufunua masikio, kupitisha kitana dakika moja tu na kumpa kipande cha kuku. Iwashe mashine mbali naye aizoee sauti kabla haijamgusa. Acha kabla hajachoka, kesho ongeza kidogo. Aliyekomaa naye anajifunza, ila kwa muda mrefu zaidi, na ukimlazimisha mara moja unarudi nyuma wiki kadhaa. Mfundishe pia mtu mwingine wa nyumbani, awe binti wa kazi au mtoto mkubwa, ajue kugawa mistari na kupapasa nyuma ya masikio. Ukisafiri wiki mbili akabaki na mtu anayempa chakula tu, utarudi ukute kazi ya mashine.