Msomee wewe kwanza

Dada, umesema kijana wako wa miaka 8 akiona kitabu anakunja uso, na kila jioni mnagombana unapomlazimisha asome kwa dakika 30. Kwanza ziache hizo dakika za lazima. Kusoma kukishakuwa adhabu, mtoto atatafuta kila njia ya kukwepa.

Msomee wewe. Wazazi wengi tunaacha kuwasomea watoto mara tu wanapojua herufi, na hapo ndipo tunapokosea, maana mtoto wa umri huo huelewa kwa sikio hadithi ngumu kuliko zile anazoweza kuzisoma mwenyewe. Wangu nilikuwa namsomea kitandani, nikifika pale fisi anapobisha mlango, nafunga kitabu: "Tutaendelea kesho." Siku ya tatu nilimkuta chini ya shuka na tochi, kidole kinafuata mstari, midomo inachezacheza. Sikusema neno, nikarudishia mlango taratibu.

Mwache achague mwenyewe, hata kama ni katuni, hata kitabu kilekile mara ya kumi. Kurudia ndiko kunakomzoesha maneno. Usimkatize kila anapokosea. Na wewe je, huwa anakuona ukisoma? Weka simu kando, shika kitabu chako, kaa karibu naye.