ULIZA FUNDI: IST, lakini ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Gia boksi ya IST yangu imekufa na nataka kununua ya mtumba. Muuza spea ananiuliza "IST ipi?" na mimi najua IST ni IST. Nimejaribu kuingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kukagua magari, imeikataa. Inataka herufi na tarakimu 17, yangu zipo 12. Namba imechezewa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Haijachezewa. Gari la Toyota lililoundwa ili liuzwe Japani kwenyewe lina namba fupi: msimbo wa modeli (kama NCP60), kistari, kisha tarakimu saba. Mwaka haumo.

Wewe shika kilicho kabla ya kistari. IST za toleo la kwanza ni tatu: NCP60 (injini 2NZ-FE, cc 1300), NCP61 (1NZ-FE, cc 1500) na NCP65, ambayo ni 1NZ-FE yenye foo wili. Ukikuta NCP110 au ZSP110, hilo ni toleo la pili, tena ZSP ni cc 1800.

Gia boksi ya NCP65 ina njia ya kupeleka nguvu kwenye propela shafti, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma. Ya NCP61 haina. Ndiyo maana "ya IST" haitoshi. Fungua boneti utafute kibati cha kiwandani, usome mstari wa TRANS/AXLE: U340E ni ya kuvuta mbele, U340F ni ya foo wili. Nakili mstari wote, pamoja na vialama vya mwisho, uulinganishe na wa gari lililotoa hiyo gia boksi.

Usitegemee kadi pekee, makosa ya kunakili yapo. Namba iliyogongwa kwenye bodi ifute kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli iliyolazwa. Itajitokeza yote. Brashi ya waya iache: inakula kingo za tarakimu, na namba iliyokwaruzwa ni maswali kwa trafiki. Baada ya kistari hakuna herufi, kwa hiyo ukiona "B" hapo, ni 8.

SWALI: Chesisi yangu ni NCP60, fundi anasema injini ni 1NZ. Nani mkweli?

JIBU: Wote. Chesisi inaeleza gari lilivyotoka kiwandani. Injini huenda ilibadilishwa. Breki na bodi nunua kwa chesisi, vya injini kwa maandishi yaliyochongwa kwenye bloku. Usikubali krankshafti ya 2NZ: silinda zote zina kipenyo cha milimita 75, ila mwendo wa pistoni ni 84.7 kwa 1NZ na 73.5 kwa 2NZ. Na kama kadi bado ina namba ya injini ya zamani, nenda TRA ikabadilishwe kabla hujapata mnunuzi.