Mama mkwe, beseni la maji na ile "kama vile" ya Yohana 13

Mleta mada, nimesoma uzi wako mara mbili na majibu ya wadau mpaka ukurasa wa mwisho. Kama nimekuelewa, unauliza hivi: Mungu kupenda si shida kwake, hachoki, hadaiwi kodi, haibiwi. Sasa sisi tunaoambiwa tupendane kama Kristo alivyotupenda tutawezaje kwa mtu kama shemeji yako, aliyekula hela ya kiwanja chako kisha akakutangaza kwa ukoo mzima kuwa mchoyo ni wewe? Mmoja kakujibu "samehe tu, mtumishi". Mwingine kasema umfungie namba, yaishe. Mimi si mwalimu wa Biblia. Ni fundi cherehani hapa Mwanza, Mlutheri wa kawaida, naimba kwaya ya akina mama. Ila swali lako nimelala nalo nyumba moja kwa miaka mitatu, kwa hiyo nivumilieni, ni refu.

Kwetu ni Mbeya, nimeolewa Muleba, Kagera. Mama mkwe wangu hakunitaka tangu siku ya kwanza nilipopiga magoti kumsalimia. Kwake mimi nilikuwa mnyamahanga, mtu wa kuja, na alilitamka neno hilo hata mbele ya wageni. Kinachouma zaidi ni kwamba yule mama alikuwa mlokole wa kweli, wale wa uamsho wa zamani uliotokea Rwanda na Uganda ukaingia Bukoba, wanaosimama katikati ya ibada wakaungama dhambi zao kwa sauti. Tukutendereza, ule wimbo wa walokole, akiuimba unasikia mtu anayemjua Yesu. Akimaliza kuimba ananiuliza kwa nini ndizi zangu hazina ladha ya ndizi.

Mimi nami sikuwa malaika. Nina daftari la vipimo vya wateja, na kwenye kurasa za nyuma nilikuwa namwandika yeye. Na tarehe naweka. Alivyosema mbele ya mashemeji kuwa mwanawe angepata mke bora nyumbani. Alivyokuja kumwona mtoto wa wifi na mkungu mzima wa ndizi, wakati wangu alipozaliwa alituma salamu. Nilikuwa najiambia naandika ili nisisahau kumweleza mume wangu. Uongo. Naandika ili siku moja nidai.

Novemba 2016 akapata kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Wifi zangu wawili wana kazi, shemeji mkubwa yuko mbali, mume wangu ni dereva wa lori, wiki mbili yuko njia ya Rusumo, siku tatu yuko nyumbani. Kikao cha ukoo kikaamua aletwe kwangu, kwa kuwa "yeye anafanyia kazi nyumbani". Wakamleta kwa gari, wakavuka Busisi kwa kivuko, daraja lilikuwa bado, wakamlaza chumba cha watoto. Kesho yake asubuhi wote walikuwa wameondoka.

Aliyewahi kuuguza mtu wa kiharusi anajua. Unamgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongoni, usiku na mchana. Uji unamnywesha kijiko kwa kijiko, ameinuliwa kichwa, maana akipaliwa ni hatari. Dawa za presha, pampasi za watu wazima ambazo bei yake inamaliza faida ya gauni mbili. Kumwogesha ni beseni, kitambaa, maji ya vuguvugu, unaanza usoni unaishia miguuni. Oda zangu za sare za shule mwaka huo nilizirudisha karibu zote.

Nilifanya kila kitu, na nilifanya vizuri. Majirani walinisifu, mchungaji akanitaja madhabahuni. Lakini nilikuwa namwosha kama mtu anayeosha sufuria la jirani: halikwaruzwi, wala halipendwi. Sikumsemesha. Nikimkausha miguu nilikuwa namalizia haraka haraka, vidole vya mguu wa kulia vikibaki na maji, kwa sababu pale ndipo hasikii, na hakuna ambaye angejua.

Sasa ndiyo nakuja kwenye swali lako.

Alhamisi Kuu ya 2017 nilimwachia binti wa jirani nikaenda ibada ya jioni. Likasomwa Yohana 13, Yesu anaosha miguu ya wanafunzi. Nimelisikia tangu Sunday school, nikajua litaishia kwenye unyenyekevu. Mchungaji akatuambia tuhesabu miguu. Wanafunzi 12, miguu 24. Akauliza: miwili ya Yuda imo au haimo? Imo. Mstari wa 2 unasema ibilisi alikuwa ameshautia moyoni mwake mpango wa kumsaliti, mstari wa 11 unasema Yesu alimjua, na Yuda hatoki nje mpaka mstari wa 30. Katikati hapo ameoshwa kama wengine.

Halafu akatuonyesha mstari wa 22, na huo ndio ulionivunja. Yesu anasema mmoja wenu atanisaliti, wanafunzi wanatazamana, hawajui anamtaja nani. Hawajui! Wamekula naye, wametembea naye, na dakika chache zilizopita wametazama kila mguu ukioshwa. Kama Yesu angemwosha Yuda kwa haraka, au angemkausha nusunusu, Petro angeona. Petro ana jicho. Hakuna aliyeona tofauti yoyote, kwa kuwa tofauti haikuwepo. Maji yaleyale, kitambaa kilekile, mikono ileile. Nilikaa kwenye benchi nafikiria vidole vya mguu wa kulia.

Na ni jioni hiyohiyo, Yuda akishatoka, ndipo inapotolewa ile amri: "Amri mpya nawapa, Mpendane. Kama vile nilivyowapenda ninyi, nanyi mpendane vivyo hivyo." Mtu anaweza kuuliza upya uko wapi, wakati kumpenda jirani kumeandikwa tangu Mambo ya Walawi 19. Upya uko kwenye kipimo. Walawi inasema "kama nafsi yako". Kipimo hicho nilikuwa nacho, na kusema kweli kilinipa ruhusa: mimi nafsi yangu ingeridhika kuogeshwa vile, safi na kimya. Hapa kipimo kinatolewa kwangu kinapelekwa kwake.

Nieleze kifundi kidogo. Mteja akikuletea nguo ya mfano, akataka tano zinazofanana nayo, fundi mvivu anakata ya kwanza kwa mfano, ya pili anaikata kwa ile ya kwanza, ya tatu kwa ya pili. Kila mara chaki inaongeza kidogo, hata nusu sentimita. Ya tano ukiilaza juu ya mfano unashangaa, bega limekimbia. Fundi mzuri kila mara anarudi kwenye nguo ya kwanza. Mimi upendo wa Kikristo nilikuwa nimeukata kwa mama mkwe wangu, yeye kaukata kwa walokole wenzake, na wao kwa wengine. Nikaona umekaa vibaya nikasema nguo yenyewe haifai. Nguo ya mfano sikuwa nimeigusa.

Lakini umeuliza tutawezaje, hujauliza kipimo ni kipi. Hapo ndipo naona wadau wengi wamekuruka. Mimi baada ya ile ibada nilijaribu kwa nguvu zangu, nikaweza siku nne. Ya tano alinitemea uji, kwa makusudi au kwa ugonjwa sijui, nikatoka nje nikalia kwa hasira nikiwa nimeshika kijiko.

Kwenye kipindi chetu cha Biblia cha akina mama cha katikati ya wiki nikauliza kama wewe. Mchungaji akatuambia jambo la Luther ambalo sikuwahi kulisikia, na mimi ni Mlutheri wa ubatizo wa uchanga. Mwaka 1518, kule Heidelberg, Ujerumani, Luther aliandika hoja za kujadiliwa, na ya 28 inasema kwamba upendo wa Mungu haukuti kitu cha kupendeza ndipo ukipende, bali unakiumba. Upendo wa mwanadamu ndio unaosubiri kukuta cha kupendeza. Nikaelewa kwa nini nachoka. Kila asubuhi nilikuwa naingia chumba kile natafuta kitu cha kupendeza kwa yule mama, nisipokikuta naishiwa mafuta. Warumi 5:8 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Tungali. Mimi nilipendwa nikiwa na lile daftari mkononi, linaendelea kuandikwa. Na Yohana kwenye waraka wake anaweka mpangilio: sisi twapenda kwa maana yeye alitupenda kwanza. Kwa hiyo unaposema Mungu hachoki na sisi tunachoka, uko sahihi kabisa, na ndiyo maana hatukuambiwa tuwe kisima. Kwangu kwa vitendo ilikuwa hivi: kabla ya kuchukua beseni nilikaa dakika tano jikoni, nikakumbuka kwa jina mambo ambayo mimi nimesamehewa. Yako mawili ambayo hata mume wangu hayajui. Kisha naingia. Hisia hazikuja. Mkono ulibadilika kabla ya moyo, nikaanza kukausha vidole vyote kumi.

Jambo jingine, wasikudanganye kwamba kupenda kama Mungu ni kunyamaza. Yesu huyohuyo aliyeosha miguu, usiku uleule alipopigwa kofi kwa kuhani mkuu aliuliza: kama nimesema vibaya, shuhudia huo ubaya, kama nimesema vema, wanipigia nini? Sauti ilipoanza kumrudia mama mkwe wangu, neno la wanyamahanga lilirudi nalo, safari hii likielekezwa kwa wanangu. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda nikamwambia, "Mama, mimi nitakuogesha kila siku Mungu akinijalia. Lakini wajukuu zako usiwaite hivyo tena ndani ya nyumba hii." Nilitetemeka. Hakujibu, ila hakulirudia mbele yao.

Kuna askofu wa Uganda ambaye walokole wa Kagera wanampenda sana, Festo Kivengere wa Kigezi, aliwahi hata kufundisha shule Dodoma. Februari 1977 Idi Amin, rais wa Uganda, alipomuua Askofu Mkuu Janani Luwum, Kivengere na mkewe walitoroka usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, akasikia lile neno la msalabani, "Baba, uwasamehe", akajikuta ana chuki na Amin ambayo alipaswa kuiungama. Akatangaza hadharani kuwa anampenda Amin. Lakini hakuacha kuieleza dunia kuhusu mauaji yale, na nyumbani hakurudi mpaka Amin alipoondolewa 1979. Nawatajia wale wanaodhani ni lazima uchague kimoja.

Lile daftari sikulichoma, najua mnasubiri niseme nililichoma. Niliacha tu kuandika. Siku moja mwaka 2018 natafuta kipimo cha mteja nikafika kurasa za nyuma, nikakuta la mwisho ni la Machi mwaka uliotangulia. 1 Wakorintho 13 inasema upendo "hauhesabu mabaya", na wasomao Kigiriki wanasema neno lenyewe ni la mahesabu, la kuingiza kitu kwenye hesabu ya mtu. Nusu ya sababu ilikuwa uchovu, nisijisifu. Kurasa zilizobaki nikaandikia sare.

Alifariki 2019. Hakuniomba msamaha. Kwenye msiba wifi mmoja alisema mbele ya watu kuwa mama kafia ugenini, na hilo liliniuma kuliko yote niliyowahi kuyaandika. Kitu pekee nilichobaki nacho ni jioni moja wiki za mwisho, nimemaliza kumkausha miguu, akavuta pindo la khanga yake kwa mkono wa kushoto akanifuta maji kwenye kiwiko. Sijui alimaanisha nini, na sikumwuliza.

Kuhusu shemeji yako: hela ya kiwanja idai. Kaa naye mbele ya mzee mmoja anayemheshimu, mkaandikiane na tarehe, na usimkopeshe nyingine hata akija analia. Huyo mdau aliyekuambia usamehe tu alipe yeye. Ila uliandika pale juu, kama kitu kidogo, kwamba mke wake amejifungua kwa upasuaji na hujaenda kumwona kwa sababu ya hili. Nenda. Mpelekee mtori na nguo ya mtoto, kama ungempelekea yeyote, mtu akichungulia mlangoni asijue kuna deni kati yenu. Umesema uko Mwanza pia. Nguo ya mtoto nitakushonea, kitambaa ulete mwenyewe.